Nyumba zilizoipa barabara ubavu

Oktoba iliyopita nilinunua mishumaa miwili Soko la Majengo, Dodoma, nikaitia kwenye mkoba pamoja na futikamba, nikapanda Hiace inayoelekea kaskazini kwa njia ya Babati. Konda aliiona akaniuliza, "Dada, msibani au kanisani?" Nikamwambia naenda kazini. Hakuniamini, ila nauli alichukua.

Kazi yenyewe ni hii. Halmashauri moja ya huku Kanda ya Kati, ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunadaiana salamu, imeachiwa kambi ya mkandarasi aliyejenga barabara ya lami. Aliyesafiri nchi hii anazijua kambi hizo. Barabara ikiisha, mkandarasi anafungasha mitambo, anasaini makabidhiano, na kuanzia hapo eneo ni la mbigili na mbuzi. Hii yetu ina ekari tisa hivi. Uzio umebaki nguzo, waya watu wameshachukua. Zimebaki sakafu za zege za ofisi na mabweni, kontena moja la futi ishirini lisilo na mlango, kisima kirefu chenye pampu iliyokufa, na lundo la vumbi la kokoto refu kuliko nyumba. Na mzee mmoja mlinzi. Analinda nini sikuwahi kuelewa, lakini analima mchicha mzuri.

Hapo ndipo wanataka kujenga nyumba za watumishi: sita pacha, familia 12. Anayeuliza za nini hajawahi kuwa mwalimu mgeni. Unapangiwa kituo, unaripoti na begi lako, unazunguka kijiji kizima kutafuta chumba chenye choo kinachofungika, unakosa. Unapanga mjini. Kila alfajiri uko barabarani unasimamisha malori, na mwaka haujaisha umeshaandika barua ya uhamisho. Mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha pale aliniambia barua hizo anazijua kwa mwandiko.

Mimi ni fundi sanifu majengo. Ofisi yetu iko Area D, tuko watatu na printa moja yenye kiburi. Barua ya halmashauri ilisema wanataka "nyumba zinazobana matumizi ya nishati", na nilipoisoma nilifurahi kama mtoto. Nikaenda kwenye kikao cha kwanza na michoro kumi na moja.

Baada ya robo saa nikagundua kwamba kwa wote mezani maneno yale yalikuwa na maana moja tu: sola. Weka paneli juu, nyumba imebana matumizi, tufunge kikao. Mchoro wa nyumba walikuwa nao tayari, wa mfano, ule ule unaojengwa popote. Sina ugomvi na michoro ya mfano, inaokoa muda. Lakini Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka na Dodoma hupata kama 570, na ule mchoro haukujua kama uko Bukoba au Dodoma. Ulikuwa na madirisha mapana ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukiyafungua yote umefungua nusu. Na ulikuwa na paa la kujificha.

Hapa nitasimama kidogo, maana paa la kujificha ni donda langu. Nani alitudanganya kwamba nyumba ya kisasa ni ile isiyoonyesha bati? Unapandisha kuta juu ya kenchi, bati linajificha nyuma yake, na ukingo wa paa unaokinga ukuta na dirisha unakufa. Ukuta unabaki uchi kwenye jua kutwa nzima. Picha inatoka nzuri, hilo nakubali. Kisha mwenye nyumba anakwenda kununua kiyoyozi.

Mheshimiwa diwani, mzee mwenye heshima zake na sauti ya kuzidi spika, alilitaka paa hilo. Na alitaka nyumba zote zitazame barabara. "Wageni wakipita na mabasi waone maendeleo," alisema. Wengine walitaja Magomeni Kota ya Dar es Salaam, kwamba pale palikuwa na kiwanja kilichobomolewa kikakaa miaka, na Machi 2022 yakazinduliwa maghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo zamani. Kwa nini na sisi tusipande juu? Nikasema Magomeni ardhi ni dhahabu, sisi tuna ekari tisa na mbuzi. Walicheka, ila kuhusu kutazama barabara hawakucheka.

Shida ni kwamba barabara ile inakwenda kaskazini na kiwanja kiko mkono wa kulia. Nyumba ikitazama barabara imetazama magharibi.

Ngoja nieleze jua letu, kwa sababu ndilo lililochora hizi nyumba kabla yangu. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa, huoni kivuli chako. Juni linahamia kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini muda wote saa za mchana liko juu. Jua la juu ni rahisi kulizuia. Ukingo wa paa wa sentimita 90 upande wa kaskazini, hata Juni linapoinama zaidi, unatupa kivuli cha mita moja na nusu ukutani saa ya adhuhuri, dirisha zima limefunikwa. Jua la jioni ndilo halizuiliki. Oktoba saa kumi na moja limeshashuka, linaingia kwa ubavu, na ukingo ule ule wa sentimita 90 hautoi kivuli cha hata nusu mita. Linapita dirishani, linakaa kwenye kochi, linapasha ukuta. Ukuta ukishashiba joto jioni, unalitapika usiku, wakati wewe umelala.

Kwa hiyo nyumba ya huku inatakiwa iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake yatazame kaskazini na kusini, na upande mfupi usio na dirisha, au wenye kidirisha cha choo, ndio ulipokee jua la jioni. Kwa kiwanja chetu maana yake barabara inapewa ubavu. Nikayasema hayo yote kwenye kikao cha kwanza, kwa mishale na nyuzi, na nikaona macho ya wajumbe yakihamia kwenye soda.

Ndiyo maana ya mishumaa.

Mmoja niliusimamisha ndani ya lile kontena saa nne asubuhi, katikati, juu ya kipande cha tofali, jua lisiufikie. Wa pili nikaenda nao ng'ambo ya korongo kwa mama mmoja wa Kigogo mwenye tembe. Nilimbukua, yaani nilimsalimu, kwa Kigogo changu cha kuokoteza, akanicheka, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia bibi yangu ni wa Mvumi, huku huku Ugogoni. Basi nikawa mjukuu, na mjukuu haulizwi anataka kuweka mshumaa wa nini ndani ya nyumba ya watu.

Walioliona tembe kwenye kalenda tu wanadhani ni kibanda. Tembe ni nyumba ndefu ya chini, kuta za miti na udongo, na juu si bati wala nyasi: ni magogo, juu yake fito, juu yake udongo ulioshindiliwa, paa bapa ambalo unaweza kuanikia mtama. Unapoingia kutoka juani unakuwa kipofu kwa dakika moja, halafu unahisi baridi shingoni. Lile ninalokumbuka la bibi lilinukia moshi na ng'ombe. Udongo wa paa na kuta unachelewesha joto: linaloingia saa nane mchana linafika ndani usiku, na usiku wa Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, joto hilo unalishukuru. Hasa Julai.

Mama mwenye tembe ana nyumba nyingine pembeni, ya bati, wanawe wamemjengea. Akaniambia kwa utulivu tu, kama anayenieleza mahali chumvi ilipo: "Usiku nalala kule, watoto wasije wakaona sikushukuru. Mchana nakaa humu."

Sitaki mtu aseme natukuza umaskini. Tembe linavuja mvua zikikaza, mchwa wanakula nguzo, giza ni giza. Ilipokuja Operesheni Dodoma mwaka 1971 na watu wakahamishiwa vijijini, bibi hakulilia tembe, alililia ng'ombe. Sitaki kumrudisha mwalimu wa hesabu kwenye tembe. Nataka tu mchoro wangu usiwe mjinga kuliko bibi.

Saa tisa nikarudi kontenani. Mshumaa ulikuwa umeinama kama mzee anayetafuta shilingi chini. Wa kwenye tembe ulikuwa wima.

Kikao cha pili niliitoa yote miwili nikaiweka mezani bila kusema kitu. Ilipendeza kwa sekunde tano. Kisha mhandisi wa halmashauri, kijana makini ambaye nampenda hata anaponikera, akasema, "Dada, kontena si nyumba." Na alisema kweli. Hakuna aliyependekeza watumishi walale kontenani. Nilikuwa nimelinganisha chuma kitupu na udongo wa nusu mita, kama mtu anayepima mbio za baiskeli na jiwe. Nikabaki na mishumaa yangu.

Aliyeokoa jahazi ni muuguzi. Walikuwa wamemwita kama mwakilishi wa watumishi, akawa amekaa mwisho wa meza, na nadhani alikuwa ametoka zamu. Alinyoosha mkono. Akasema yeye analala mchana. Akiingia zamu ya usiku wiki nzima, kulala kwake ni saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, chini ya bati, dari ya jipsamu, dirisha linatazama magharibi. Analowesha kanga anatandika sakafuni anailalia. Ikikauka anaamka anailowesha tena. "Na usiku ule ule ndiyo nawachoma wake zenu sindano," akasema. "Mimi sijali basi linaniona au halinioni."

Diwani alikohoa. Mkurugenzi akaandika kitu.

Kuanzia hapo tuliongea kama watu wanaojenga. Nikaweka mezani hesabu ya Luku, umeme wa kulipia kabla, ambayo kila mtu Tanzania anaielewa kuliko nyuzi za jua. Tarifu ya D1 ya mtumiaji mdogo ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi, na ukivuka kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kiyoyozi cha chumba kimoja ukikiwasha saa sita kila usiku kinaweza kula uniti nne au tano, kwa mwezi 120 na zaidi. Hicho peke yake kimeshakutoa kwenye D1. Pangaboi likizunguka usiku kucha halifiki uniti moja. Nyumba iliyokaa vizuri inatosheka na pangaboi, jokofu dogo, taa, televisheni na pasi, na bado ukajibana ndani ya 75. Ikikaa vibaya, hata ukiitandaza paneli mpaka chooni, utakuwa unanunua sola ya kulisha kiyoyozi.

Sola hatukuitupa. Maji ya kuoga ya moto yatatoka kwenye hita ya jua juu ya bati, imeegemea kaskazini, kwa sababu shawa ya umeme ndiyo mwizi mkubwa wa asubuhi za Juni. Paneli chache zitawasha taa za nje na pampu ya kisima. Nikaomba na ngazi ya kudumu ya kupandia. Wakaguzi wa makadirio walishangaa ngazi ni ya nini. Ni ya kitambaa! Vumbi la Agosti na Septemba likikaa juu ya paneli bila kufutwa, umeme wake unakuwa hadithi.

Kuhusu bati, diwani alitaka maruni, mimi nikataka krimu hafifu. Akasema vumbi litalifanya jekundu tu, tunabishana bure. Hoja nzuri, na sikuwa na jibu zuri. Nilisema mvua ya Desemba italiosha. Tukapata krimu. Tukapata ukingo wa sentimita 90, paa linaloonekana kama paa, na matundu ya hewa yenye wavu chini ya ukingo ili joto la juu ya dari litoke badala ya kukaa linasubiri. Kwa kujaza juu ya dari nilipendekeza pumba za mpunga, kutoka kwenye mashine za kukoboa za Bahi. Fundi mmoja wa kijijini, ambaye atajenga kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani halmashauri inaajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, alinitazama kwa huruma. "Mama, hiyo ni hoteli ya panya." Tumeweka foili chini ya bati.

Ukuta ni wa tofali za udongo na saruji kidogo, za kushindiliwa kwa mashine ya mkono, zile zinazofungamana bila udongo mwingi katikati. Tofali za kuchoma ni nzuri kuzitazama, lakini kila tanuri ni miti, na huku miti iliyobaki tunaijua kwa majina. Lile lundo la vumbi la kokoto limekuwa mtaji. Tumelichanganya kwenye udongo, na tofali za majaribio zimetoka na pembe kali. Sakafu nne za zamani zimepimwa, mbili ni imara, zitakuwa sehemu ya kuegeshea pikipiki na baraza la kukutania. Kuvunja zege zuri ili umwage zege jingine siwezi kulielewa.

Kisima kina maji ya chumvi, kama visima vingi vya huku. Sabuni haitoi povu. Tutayatumia chooni na kwenye miti. Ya kunywa na kupikia ni ya mvua: paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 570, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, linaleta lita 27,000 hivi kwa mwaka. Tatizo ni kwamba zinakuja karibu zote kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafunga duka. Kwa hiyo matenki ndiyo yaliyokula fedha niliyoibana kwenye viyoyozi, na sioni haya.

Jikoni niliweka mahali pa mtungi wa gesi nje ya ukuta, na barazani sehemu ya jiko la mkaa yenye bomba la moshi. Afisa mmoja akaniuliza kwa nini namwekea mtumishi mahali pa mkaa wakati mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nikamwambia maharage hayajausoma. Pa gesi ni pakubwa, pa mkaa ni padogo, lakini nisipopaweka atapikia koridoni.

Sasa yule mzee mlinzi. Siku tunazunguka kiwanja nilimwuliza kwa nini mchicha wake unakatika ghafla upande wa mashariki, tuta linaishia kama limekatwa kwa rula. "Pale haioti kitu, mwanangu. Nimetia samadi miaka miwili." Tukachimba. Ilikuwa gereji ya mitambo; udongo ulikuwa mweusi, unanuka oili chafu mpaka kina cha magoti. Kwenye mchoro wangu hapo palikuwa bustani na tenki la chini la maji. Ramani ya makabidhiano haikuwa na neno. Udongo ule utachimbwa na kuondolewa, na juu yake hakutakaa tenki wala mboga. Pamekuwa mahali pa magari. Michoro kumi na moja, na aliyejua ni mkulima wa mchicha.

Diwani alikubali ubavu kwa sharti: kuta zile fupi zinazotazama barabara zipakwe vizuri, na moja iandikwe jina la halmashauri kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye basi. Nikampa zote sita. Kati ya nyumba na barabara tunapanda miarobaini safu mbili, na upande wa mashariki, unakotoka upepo wa kiangazi na vumbi lake, safu nyingine. Sijamkumbusha kwamba miarobaini ikikua herufi zake hazitaonekana.

Wiki iliyopita tulikwenda kuseti, yaani kuuhamishia mchoro ardhini. Tulipiga vigingi tangu saa moja asubuhi, kamba nyeupe zikikatiza mbigili, na fundi akalalamika kwamba kila akisimama anajikuta amegeukia barabara, mwili umezoea. Kigingi cha karo ya majitaka ya nyumba ya nne kikaangukia katikati ya tuta la mchicha. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma, hakusema kitu. Nikafungua mchoro juu ya boneti, nikapima mara mbili. Karo imesogea mita tatu kusini.